Kidari cha Aikande

Sogeeni. Aliyekuja kusinzia arudi kwao akasinzie vizuri, maana mwishoni nitauliza, na nikiuliza sitaki mtu aniambie "wote sawa". Hilo ni jibu la mvivu.

Uchagani, kule juu migombani, palikuwa na watu watatu ambao hawakupendana hata kidogo. Wa kwanza ni Oforo, mchimba madini, ambaye Mungu alimpa kipaji kimoja tu: hakuweza kusema uongo. Akijaribu, masikio yanamwiva na kila mtu anajua. Wa pili ni Daktari Makundi, mwenye zahanati pale sokoni. Yeye ndiye aliyetibu ukoo mzima wa kina Oforo, kuanzia kifua cha bibi hadi upele wa mtoto mchanga. Kipaji chake kilikuwa ubishi. Wa tatu ni mama yake Oforo, Bibi Ndeambilisia, ambaye akishaanza jambo haliachi, liwe la heri au la shari. Katikati yao alikaa Aikande, mke wa Oforo. Hadithi hii ni yake, kwa sababu mwili uliokuwa hatarini ulikuwa wa kwake.

Aikande alikuwa ameolewa miaka kadhaa na hajazaa. Mume alishinda mgodini mwaka mzima, akapanda nyumbani Krismasi kama wanaume wote wa kule, akala mbuzi, akaondoka. Mama mkwe hilo hakulitazama. Alitazama tumbo la mkwewe, basi, na kila aliyepita njiani aliambiwa kwamba mwanawe kaoa mgumba. Aikande aliyasikia hayo akiwa anakata majani ya ng'ombe, na akazidi kukata.

Krismasi moja Oforo alifika mchana, na mkoba hakuuingiza ndani. Alimwita mkewe nyuma ya jiko. Mkononi alishika jani la isale, lile ambalo Mchaga hulibeba akienda kuomba radhi, na anayepelekewa haruhusiwi kulikataa. Akamwambia kwamba amepima, ana virusi vya UKIMWI, ameanza dawa, na wasilale pamoja mpaka naye akapime. Aikande akamuuliza kavipata wapi. Oforo akasema ni kwa mwanamke wa kule kule mgodini, na jina akalitaja. Masikio hayakuiva.

Aikande alilichukua lile jani akalitupa motoni. Alimchukia mumewe siku ile, na mimi sioni kwa nini nimwambie asimchukie. Lakini jambo moja alilijua, na lilimuudhi kulijua: Oforo angenyamaza, angepokelewa kama mume yeyote anayetoka safari. Wangapi wamenyamaza? Msinijibu. Tazamaneni tu.

Akaenda kupima kwa Daktari Makundi. Hakuwa na virusi. Basi akakaa pale kwenye kiti akataka mambo mawili ambayo aliona hayawezi kukaa pamoja: asiambukizwe, na azae. Kurudi kwao alikwisha kufikiria, lakini kwao kulikuwa na kaka aliyeoa, na kihamba, shamba la ukoo, ni cha kaka. Tena mtoto alimtaka kweli. Si kwa ajili ya mdomo wa mama mkwe, kwa ajili yake mwenyewe.

Daktari alimweleza kwamba ipo dawa kinga, kidonge kimoja kila siku, cha mtu ambaye hajaambukizwa. Yeye akimeza hicho, mume akimeza dawa zake za kufubaza virusi, na wote wawili wakipimwa kila wanapotakiwa, mtoto atapatikana na mama atabaki salama. Tatizo lilikuwa moja. Dawa kinga ilitolewa hospitali tu, kwenye kliniki ya wenye virusi, na benchi la kliniki ile linatazamana na barabara. Ukikaa pale asubuhi, mchana unajadiliwa sokoni. Na mfagizi wa pale alikuwa binti wa shangazi yake Oforo. Aikande akasema bora afe.

"Kufa basi," Daktari akamwambia, "ila usije kufia mlangoni kwangu."

Aikande aliondoka bila kuaga. Daktari naye usingizi ukamgomea, maana alijua amesema vibaya. Akafunga zahanati akaenda wilayani kugombana. Hoja yake ilikuwa hii: mtu ninayemtibu malaria, ninayemjua tangu anabebwa mgongoni, kwa nini nisimpe kidonge cha kinga palepale ninapompa cha homa? Wakamkatalia. Akarudi tena. Wakamwambia hana mafunzo, akaenda mafunzo. Wakamwambia afisa hayupo, akamsubiri getini, na alipotokea akambana. Mwisho wakampa kibali na dawa, nadhani ili tu aondoke. Tangu hapo Aikande alikaa kwenye benchi la Makundi, kati ya wenye mafua na watoto wanaolia, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Daktari alimpima, akampa dawa, akamgombeza, akamwambia arudi. Wala hakumwomba msamaha kwa lile neno.

Sasa Bibi Ndeambilisia. Siku moja alikwenda kuchota unga kwenye debe la mkwewe, mkono ukakuta kichupa cha vidonge. Hajui kusoma, lakini kujumlisha anajua: mwanamke hazai, na anaficha vidonge. Ni vya uzazi wa mpango hivi! Akavimwaga chooni, kisha akasimama uani akatangazia majirani kwamba mkwewe anawaua wajukuu zake mmoja mmoja.

Aikande alimvuta hadi jikoni, akafunga mlango, akamwambia vidonge ni vya nini na virusi ni vya nani. Bibi akamzaba kofi. Kisha akamwita mwanawe, ambaye tangu Krismasi ile hakurudi mgodini, akamuuliza, macho yake yote yako kwenye masikio ya Oforo. Masikio hayakuiva. Bibi akakaa kwenye kigoda akamenya ndizi, akamenya, mpaka beseni likafurika na hakuna aliyekuwa na njaa.

Kesho yake alishuka mwenyewe sokoni kudai vidonge vingine. Daktari akamwambia hajui anaongelea vidonge gani wala vya nani, na kama kuna mgonjwa, aje mgonjwa mwenyewe. Bibi akamwita mbwa. Daktari akamfukuza. Benchi zima lilisikia kelele, lakini halikusikia siri. Bibi akapanda nyumbani, akamshika Aikande mkono, akamshusha naye.

Kuanzia hapo, kila asubuhi alisimama mbele ya mkwewe na kikombe cha uji na kidonge. Mwanzoni vidonge vilimchafua Aikande tumbo, na zipo asubuhi alizomwangalia Oforo akasema moyoni, kwa nini nihangaike kwa ajili ya huyu. Siku hizo alikificha kidonge chini ya ulimi. Bibi alimfumbua mdomo kama anavyomfanyia ndama.

"Sikupendi," alimwambia. "Meza."

Akameza. Baadaye mimba ikaingia, naye akaendelea kumeza. Akazaa mtoto wa kike. Wakapimwa, mama hana, mtoto hana.

Kawaida ya mzazi ni kuchinjiwa, na Oforo alileta beberu mnono. Katika ukoo ule kidari, nyama ya kifua, hakikatwi. Anapewa mtu mmoja, yule aliyemfikisha mzazi salama. Anayekitoa ni mzazi mwenyewe, naye lazima aseme mbele ya watu wote alitendewa nini. Akikaa nacho mwenyewe, au akikigawa vipande, ni kama amemkosea mtoto wake.

Ukoo ukajaa uani, na majirani, na wanawake ambao waume zao wako mgodini. Daktari Makundi alialikwa kama kawaida, maana ni daktari wa wote. Aikande akatoka ndani na sinia la kidari, na kabla hajafika katikati, wale watatu walikwisha kumfikia.

Oforo alikuja wa kwanza. Akamwambia kwa sauti ya chini ampe yeye, na aseme ukweli wote, kwamba ana virusi na kwamba alisema kabla hajaingia ndani. "Nimechoka kujificha," alisema. "Na nisingesema siku ile, hivyo vidonge vya hao wawili vingekufaa nini?" Aikande akafikiri: huyu ndiye aliyeileta hatari, kisha anataka kidari kwa kuitangaza.

Mama mkwe akamsukuma mwanawe kando. "Ukimtaja mwanangu hapa, hulali kwangu leo," alisema. "Nipe mimi. Sema nilikulisha uji, inatosha, hakuna atakayeuliza zaidi. Bila mkono wangu kidonge ungekitema." Aikande akafikiri: wala si uongo, uji alininywesha kweli. Lakini huyu ndiye aliyevimwaga vidonge chooni, na neno lile la mgumba hajalifuta mbele ya yeyote kati ya watu hawa.

Daktari hakunong'ona sana, kunong'ona hakujui. "Siri zako sikuzitoa na sitazitoa," alimwambia. "Lakini angalia hao wanawake. Waume zao wanapanda Krismasi. Dawa iko sokoni hapo, nimebandika tangazo, hawalisomi wanaogopa kuonekana wakilisoma. Mimi wakinisikia watasema nauza. Wewe watakuamini. Nipe kidari, useme nilikupa nini." Aikande akafikiri: huyu aliniambia nikafe. Na akitajwa, kila mtu hapa atauliza kwa nini mke wa Oforo alihitaji kinga, na atamgeukia Oforo.

Akainua macho. Kwenye mkeka wa mbele alikaa mke wa jirani, bado bibi harusi, mumewe anategemewa kutoka mgodini wiki hiyo. Alikuwa anacheka na wenzake, ameshika sahani tupu anasubiri nyama.

Mafuta ya kidari yalikuwa yanamtiririkia Aikande vidoleni. Wazee wakaanza kuguna kwamba nyama inapoa, aseme basi. Ndani mtoto akaamka akalia. Aikande akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapomwacha. Mmoja alisema, mmoja akaitafuta dawa, mmoja akasimamia imezwe. Ondoa yeyote, na Aikande leo anakaa kwenye lile benchi linalotazama barabara, kwa sababu nyingine kabisa. Na kila mmoja wao alimuumiza. Haya, sinia liko mikononi mwako, na bibi harusi yule anakutazama. Unampa nani, na unasema nini?