Jiwe la Mama na Chelezo cha Mafunjo

Hapo zamani, bwawa la kwetu likiwa halijajua daraja, watu walivuka kwa chelezo: mafunjo makavu yaliyofungwa matita matita. Funjo lina vijumba vya hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayokataa kuzama. Lakini likilazwa majini muda mrefu hunywa maji, hewa ikatoka, na chelezo kikawa sawa na mkeka uliolowa. Kwa hiyo ukishavuka, sharti ukipindue ukianike. Na ubavuni kilifungwa kitambaa chekundu. Maji yakikigusa, mtu mmoja ashuke, awe nani awe.

Kalekwa alikuwa mjane. Ndugu wa mumewe walimtoa na chungu kimoja, akarudi kwa mama yake. Mama hakuwa mtu wa maneno matamu.

"Wewe ni mzigo niliokwisha kuutua, wakanirudishia kichwani," alimwambia kila alipomwona anakula.

Mama akazeeka, ikaamuliwa ahamie ng'ambo kwa mwanawe mkubwa, Lubango. Siku ya kuvuka akatoka na jiwe lake la kusagia, kalifunga mgongoni kwa nguo kama mtoto.

"Mama, liache. Kwangu mawe yapo."

"Mawe ya mkeo? Yule anayetulisha unga wa mchanga? Sogea nipite!"

Akapanda. Lubango akashika upondo wa kusukumia chelezo, Shija, kitindamimba, akakaa kati, Kalekwa akajibanza nyuma.

Walikuwa bado kwenye maji ya magoti Kalekwa alipotazama ubavuni. Kitambaa kilikuwa kikavu. Lakini kilikuwa kimefungwa juu kuliko zamani. Mahali pake pa kale palibaki alama ya kamba, na alama hiyo ilikuwa imeshazama. Kalekwa akafungua kinywa. Kisha akajiuliza: nikisema, atashushwa nani? Akakifumba.

Katikati ya bwawa chelezo hakikupinduka. Kilishuka taratibu, kama mtu anayekaa kitako. Watoto watatu wakang'ang'ania matita yaliyofunguka, wakaelea. Mama hakushika kitu. Mikono yake ilikuwa nyuma, imelikumbatia jiwe.

Kwao, aliyesababisha kifo cha mzazi hali chakula cha matanga. Hufunga virago akaenda zake, na nyumba ya wazazi haimjui tena. Mama mdogo, aliyemfuata marehemu kuzaliwa, akawakalisha wote watatu.

"Chungu kiko jikoni. Mmoja wenu hatakula. Semeni."

Shija akaanza. "Ni kaka! Alikwenda kwenye pombe ya harusi, akakiacha chelezo majini usiku kucha. Kilikuwa kimelowa hata kabla hatujapanda."

"Na kitambaa alikipandisha nani?" Lubango akafoka. "Si wewe, ili mbuzi wako wavuke wote kwa mara moja? Kingekuwa mahali pake ningeona, ningemshusha mtu."

"Kaka, kitambaa kina uzito gani wa kuzamisha watu?"

"Na jiwe je? Nilimwambia aliache!"

"Dada yangu alikuwa mbishi tangu tumboni," Mama mdogo akasema. "Lakini maiti hafukuzwi. Kalekwa, wewe umekaa kimya kama nani?"

"Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona alama imezama. Tulikuwa bado kwenye maji ya magoti."

"Ukanyamaza!" Shija akaruka.

"Ningesema ningeshushwa mimi." Kalekwa akawatazama mmoja mmoja. "Haya, niambieni. Mngerudi kunichukua?"

Lubango akageuza uso.

Lubango ana nyumba ng'ambo. Shija ana mbuzi wake. Kalekwa ana chungu kimoja, na hicho ndicho kilichokuwa jikoni. Mama mdogo akachukua upawa, akapakua bakuli la kwanza akampa Lubango, akapakua la pili akampa Shija, akafunika chungu.

Nanyi msiinamishe vichwa, masikio mnayo. Mmoja alikiacha chelezo kikanywa maji. Mmoja alihamisha kitambaa. Mmoja aliona, akafumba kinywa. Je, nani alistahili kukosa bakuli?