Siri Aliyotakiwa Kuitunza Sihaba

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa.

Wenye simu mmezizima?

Tumezizima.

Basi ziacheni zipumzike, maana leo nazisema, nami nikizisema hasira hunipanda. Mtanivumilia.

Hapo zamani za kale, si kale ile ya babu wa babu zetu, maana simu zilikuwa zimekwisha kufika, palikuwa na kijiji cha wanyama kiitwacho Mikwajuni. Kijijini hapo aliishi Mama Digidigi na binti yake mmoja, jina lake Sihaba. Baba yake Sihaba alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya chumvi, akirudi mara moja tu kwa mwaka. Kwa kuwa alimkumbuka sana mwanawe, alimnunulia simu akaituma, ili wawe wanasemezana na kuonana nyuso.

Sihaba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake hakuijua simu. Alijua kupokea na kukata, basi. Akamwambia mwanawe hivi: "Ole wako nisikie umefanya upuuzi na hicho kitu. Nitakivunja, na wewe nitakuchapa."

Hilo ndilo somo alilopewa. Mtoto amefunguliwa mlango wa dunia nzima, halafu akaambiwa habari za fimbo.

Siku moja simu ikalia. Ujumbe umetoka kwa mtu asiyemjua. Mtu huyo alisema anaitwa Tunu, mtoto wa Swala wa ng'ambo ya mto, na kwamba ana miaka kumi na mmoja, sawa na Sihaba. Kulikuwa na picha ya mtoto wa swala mwenye macho makubwa mazuri. Tunu akasema anatafuta rafiki.

Huyo Tunu alijuaje umri wa Sihaba? Sihaba hakujiuliza. Mtoto hajiulizi hayo. Mkubwa ndiye wa kumuuliza mtoto, na mkubwa hakuwapo.

Wakaanza kuandikiana. Tunu alichekesha, Tunu alisikiliza, Tunu hakuchoka. Akamtumia Sihaba bando ili wazidi kuongea. Kisha akaulizia jambo la kwanza: unasoma shule gani, na ukitoka unapita njia ipi? Sihaba akamweleza. Tunu akaandika: "Usimwambie mtu. Hii ni siri yetu."

Siku zikapita. Tunu akaomba jambo la pili: picha. Sihaba akajipiga picha mbele ya nyumba yao, amevaa sare, mlango unaonekana na jiko la nje linaonekana. Akaituma. Siku hiyo mama yake alikuwa amemgombeza sana kwa ajili ya ndoo iliyopasuka, na Sihaba akaandika kwa uchungu kwamba mama yake ni mkali, kwamba anatamani akaishi na baba yake huko kwenye chumvi. Tunu akampa pole nyingi. Akaandika: "Usimwambie mtu. Hii ni siri yetu."

Siku zikapita. Tunu akataka jambo la tatu: Sihaba aende akaonane naye Ijumaa alasiri, kwenye kichaka nyuma ya bwawa. Aende peke yake. Sihaba akajibu kwamba mama hatamruhusu. Hapo Tunu akabadilika kama maziwa yaliyokatika. Akaandika kwamba Sihaba asipokwenda, yale maneno yote aliyoyasema juu ya mama yake atayapeleka kwa mama mwenyewe, na picha yake ataisambaza kijiji kizima pamoja na uongo wa kumwaibisha. Akamalizia: "Usimwambie mtu. Hii ni siri yetu."

Nikifika hapa, ndugu zangu, nawauliza: Siri gani hiyo, ambayo mmoja anaicheka na mwingine inamtoa machozi? Siri ya namna hiyo ni kamba, na mtoto ndiye aliyefungwa.

Sihaba akaacha kula. Akalala vibaya. Mwishowe akaona heri aseme.

Akamwendea kwanza mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama uani. Akaanza, "Mama, kuna mtu kwenye simu..." Mama yake, bila kuinua macho, akamwambia alishamwonya kuhusu hiyo simu, na asimharibie siku. Sihaba akaondoka.

Akamwendea Mwalimu Korongo. Mwalimu alisikia neno simu tu, mengine hakuyangoja. Akamsimamisha mbele ya darasa, akasema watoto wa siku hizi wameharibika, akachukua fimbo akamchapa viboko viwili vya mguu.

Sihaba akatoka shule akilia, akapita sokoni penye kibanda cha Shangazi Nungu, yule nungunungu fundi simu. Shangazi alikuwa ameshika bisibisi, amefungua simu ya mtu. Akamwona mtoto, akaiweka bisibisi chini. Akamvutia kigoda. Hakumuuliza kitu mpaka machozi yalipokauka.

"Haya mwanangu," akasema, "niambie. Sitakuchapa, wala sitakucheka."

Sihaba akamweleza kila kitu, toka mwanzo. Akasema anataka kuzifuta zile jumbe zote zisionekane tena. Shangazi Nungu akamshika mkono.

"Usifute hata moja. Hizi ni nyayo zake, na kwa nyayo hizi tutamfikia. Na sikia neno hili ulishike: wewe hukukosa. Aliyekosa ni huyu."

Hilo la pili, Sihaba alikuwa hajalisikia kwa mtu yeyote. Akalia upya, lakini kilio kingine.

Wakaenda wote wawili kwa mama. Shangazi Nungu akaketi uani, akazisoma jumbe zote kwa sauti, hata yale maneno juu ya mama mkali. Sihaba alikuwa amejificha nyuma ya mlango, ameziba masikio. Mama Digidigi alisikiliza mpaka mwisho. Ungo ulikuwa mapajani, mtama unamwagika, naye haoni.

Kisha akamwita mwanawe. Sihaba akaja akiangalia chini, akingoja kipigo.

"Maneno uliyoyasema juu yangu ni ya kweli," mama yake akamwambia. "Hayo tutayazungumza mimi na wewe. Ulinijia, nami sikukusikia. Nisamehe. Lakini kwanza huyu."

Wakamwendea Mzee Nyati, mkuu wa kijiji. Mzee Nyati alikasirika, akapiga kwato. Shauri lake likawa kwamba Sihaba aende kichakani siku hiyo ya Ijumaa kama alivyoagizwa, na wao wajifiche, mtu huyo akitokea wamkamate. Mama Digidigi, mdogo vile, aliyefika magotini mwa Nyati, akamkatalia mkuu wa kijiji machoni.

"Mtoto hawi chambo. Mwanangu ameshaogopa vya kutosha. Nyinyi wenye pembe mmejaa kijiji kizima, halafu mnamtanguliza mwenye miguu ya njiti?"

Mzee Nyati akaona haya. Shangazi Nungu akasema ataenda yeye.

Ijumaa ikafika. Sihaba akabaki kwa bibi yake, mlango umefungwa. Shangazi Nungu akaketi kichakani, amejitanda kanga, sweta la shule la Sihaba limewekwa juu ya mabega, mgongo kaelekeza njiani. Mzee Nyati na Mama Digidigi wakalala nyuma ya majani.

Hawakungoja sana. Mtu akaja anakanyaga taratibu. Hakuwa mtoto wa swala. Hapakuwa na Tunu yeyote, wala ng'ambo ya mto wala upande huu. Alikuwa Bweha. Mzee Bweha huyu huyu, mwenyekiti wa kamati ya shule, anayesoma majina ya watoto na umri wao siku ya kufunga shule, watu wakampigia makofi.

"Sihaba wangu," akaita kwa sauti laini, "umekuja peke yako?"

Hakujibiwa. Bweha akatazama huku, akatazama huku. Akaruka, akalibana lile sweta kwa meno yake yote.

Miiba ya nungu haichagui mwenyekiti. Ilimwingia midomoni, ikamwingia puani, ikamwingia ulimini. Akabweka mpaka bwawa likaitikia. Alipogeuka kukimbia, akakuta pembe za Nyati.

Baraza likaitwa siku hiyo hiyo, jua bado liko juu. Wanyama wote wakaja. Bweha akasimamishwa katikati, miiba inaning'inia usoni. Mnadhani aliona haya? Hakuona. Alijitetea mara tatu.

Kwanza alisema alikuwa akitania tu, na wazee wenzake wanajua utani. Wengine wakaguna.

Pili alisema yule mtoto ndiye aliyekuwa akimjibu, mbona hakukaa kimya? Tumbili akatikisa kichwa akasema kweli, watoto wa siku hizi ni wajeuri.

Tatu alisema mwenye kosa ni mama. Nani alimpa mtoto simu, na alikuwa wapi? Hapo hata Mwalimu Korongo akaitikia kwamba ndivyo, ndivyo. Minong'ono ikaanza kugeuka. Mnaona? Mwizi kashikwa na kuku mkononi, watu wanauliza kuku alikuwa akitafuta nini nje.

Mama Digidigi akasimama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini hakuna aliyekosa kuisikia.

"Nilikuwa wapi? Nilikuwa uani napepeta mtama, na mwanangu akanijia, nikamfukuza. Kosa hilo ni langu, nalikiri mbele yenu, na kesho naanza kulitengeneza. Lakini mimi sikujiita Tunu. Mimi sikuazima sura ya mtoto. Sikumwambia mtoto anifiche kwa mama yake. Mkitaka kunihukumu mimi, nihukumuni baada ya huyu. Na wewe Mwalimu, mwanangu alikujia pia. Ulimpa nini?"

Mwalimu Korongo akautazama mguu wake.

Shangazi Nungu akaichukua simu ya Bweha mbele ya baraza. Humo hamkuwa na jina la Sihaba peke yake. Akasoma jina la mtoto wa Kanga. Akasoma jina la mtoto wa Pongo. Wote walikuwa wameandikiwa na Tunu, wote wameambiwa ni siri yetu.

Mtoto wa Kanga akasimama, akasema ni kweli, aliogopa kusema. Mama yake akamfunika kwa bawa.

Kisha akasimama mtoto wa Pongo. Huyu alikuwa ameacha shule tangu masika yaliyopita. Alikuwa hacheki wala hachezi, na kijiji kizima kilimwita mvivu. Walimtungia mpaka wimbo wa kumzomea. Hakusema mengi. Alisema, "Mimi nilikwenda kichakani." Akaketi.

Tumbili akainama. Pongo, baba wa mtoto huyo, akatoka alipoketi, akapita katikati ya watu, akaenda akaketi chini kando ya mwanawe, akamwegemeza begani. Hakuna aliyemtazama Bweha tena kwa jicho la shaka.

Hukumu haikuchukua muda. Bweha alivuliwa uenyekiti hapo hapo, akafungwa kamba, akapelekwa na simu yake na jumbe zote mpaka mahakama ya Simba ng'ambo ya mto, na huko akafungiwa pangoni miaka yake yote iliyobaki. Miiba hawakumtoa. Walisema atajitoa mwenyewe, anao muda.

Watu walidhani Mama Digidigi ataivunja ile simu. Hakuivunja. Kesho yake alikwenda kwenye kibanda cha Shangazi Nungu, akavuta kigoda, akaomba afundishwe. Akafundishwa kumzuia mtu asiyejulikana asiandike tena. Akafundishwa kuficha picha zisionwe na kila mpita njia, na kufunga simu kwa namba ya siri. Alikosea mara nyingi, akampigia Nyati mara mbili bila kukusudia. Jioni, baada ya kula, yeye na Sihaba wakawa wanakaa pamoja, simu iko katikati, Sihaba anamwonyesha nani ameandika na ameandika nini. Wakampigia baba kwenye chumvi, wakamweleza yote. Baba akalia. Na yale maneno ya mama mkali wakayazungumza pia, siku baada ya siku, wala hayakwisha mara moja.

Mtoto wa Pongo alirudi shule muhula uliofuata. Wimbo wa kumzomea haukuimbwa tena. Mwalimu Korongo hakumwomba Sihaba radhi. Nawaambia ukweli, hakuomba. Lakini fimbo aliiweka juu ya kabati, na mtoto akimjia kusema jambo, sasa humngoja amalize.

Basi, ninyi watoto mlio mbele yangu: mtu usiyemjua kwa macho usimpe jina la shule, wala njia, wala picha, hata akiwa mtamu kama asali. Akikwambia usimwambie mtu, hapo hapo nenda ukamwambie mtu. Mkubwa wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili. Wa pili asipokusikia, nenda kwa wa tatu. Usichoke, na usifute.

Nanyi wakubwa mlioketi nyuma, msidhani nimewasahau. Mtoto akija kusema, weka ungo chini. Fimbo yako ndiyo inayomlindia bweha siri zake. Na aliyedanganywa si mkosaji. Mkosaji ni aliyedanganya, awe na cheo, awe hana.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, imezeni vivyo hivyo, maana ni dawa. Mimi naondoka, yenu ni masikio.