Mkia wa Kondoo wa Talaso

Wageni wakimwona kondoo wetu hucheka, wakauliza mnyama huyu amekalia nini. Waacheni wacheke. Mkia ule mnene mimi nauvulia kofia, na sababu yake ndiyo hii.

Hapo kale, nchi yetu ilipokuwa bado mbichi, kondoo alikuwa na mkia mwembamba kama wa mbuzi. Akila akashiba, mafuta yake yalikaa mgongoni. Hakuna aliyeona ubaya, maana mvua haikukawia na jua lilikuwa la kuota tu.

Ndipo mvua ikagoma. Visima vikabaki matope, wazee wakaamua watu wahamie kwenye chemchemi za mlimani. Safari hiyo ilimkuta Talaso na mtoto mchanga wa kike. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno, mbishi wa moyo. Njaa ilikuwa imemkausha maziwa, na mtoto aliishi kwa maziwa ya kondoo wake mmoja, mwenye kichwa cheusi.

Njiani kondoo waliokonda walikufa kwa njaa. Walionona nao walikufa, kwa kuwa jua liliwapika ndani ya mafuta yao wenyewe. Kondoo wa Talaso alipopiga magoti akihema, mama mkwe wake, Kabale, alikuja na kisu.

"Mwanangu, tumchinje angali na nyama. Huyu hafiki."

"Mama, nikimla leo, mtoto atanyonya nini kesho?"

Kabale akakirudisha kisu alani.

Talaso alimgusa kondoo mgongoni, akakuta panachoma kama figa.

"Mafuta haya yananichemsha," kondoo alimwambia. "Niondolee."

"Nikiyaondoa utakufa njaa. Nitayahamisha."

Alikumbuka alivyokandwa na Kabale alipojifungua, akaanza kumkanda kondoo vivyo hivyo, kwa viganja, kutoka mabegani kuelekea nyuma. Kila walipotua alimkanda. Wanawake wenzake walimtania kwamba safari hii amezaa kondoo. Yalimuuma, lakini aliendelea kukanda. Jioni moja Kabale aliinama upande wa pili, akakanda naye. Utani ukaisha hapo hapo.

Mafuta yakateremka taratibu, yakajikusanya mkiani. Mgongo ukapata upepo, ukapoa, na kondoo akatembea. Malisho hayakuwapo, lakini kadiri mkia ulivyopungua ndivyo maziwa yalivyozidi kutoka. Walipofika chemchemi, mkia ulikuwa umesinyaa kama kiriba kitupu, na mtoto alikuwa akilia kwa kelele za aliyeshiba jana na anadai tena leo. Talaso alimnyanyua juu watu wote wamwone. Kwa fahari aliyokuwa nayo, alisahau kunywa maji.

Na tangu siku hiyo, kondoo wetu huweka akiba yake mkiani. Mvua ikinyesha mkia hujaa, jua likikaza hupungua, na mgongo hubaki mwepesi. Na mwanamke wa kwetu akijifungua, kabla ya kukandwa huletewa kwanza mchuzi wa mafuta ya mkia.

Mtoto yule alikua, akazaa, na wanawe wakazaa, mpaka nikapatikana mimi. Kwa hiyo mgeni akiucheka mkia ule sigombani naye. Namkaribisha aketi, nampakulia kipande cha mkia, nami namwambia ale polepole, kwa maana anakula kilichomlea bibi yetu.