Kuku wa Mama Akaale

Mgeni akibisha hodi, wengi wetu hufikiria kwanza atakachokula na mahali atakapolala. Ni wachache wanaojiuliza atawaletea heri gani, hasa akiwa amekuja mikono mitupu. Nabei alikuwa miongoni mwa hao wengi, mpaka siku alipotembelewa na Nyachuol.

Nabei aliishi Lodwar na bintiye Akaale, mtoto wa miaka sita. Mumewe alikuwa Lokiriama na mifugo, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekausha malisho yote ya karibu. Mwanzoni mwa mwaka, mama na mtoto walipokwenda Kakuma kumsalimu nyanya, Akaale alishikwa na homa ya mapafu akalazwa hospitalini. Alipona, lakini alitoka amekonda kama uzi. Daktari alisema ale yai kila siku, na kwa bahati yai ndilo lililokuwa chakula pekee ambacho mtoto huyo hakukisukuma kando. Mayai ya dukani, yaliyoletwa kwa lori kutoka Kitale katika joto lile, yalimtapisha. Kwa hiyo tegemeo lote lilikuwa kuku mmoja mwekundu aliyefugwa nyuma ya jikoni.

Kuku huyo alikuwa akitaga bila kubembelezwa. Alilala katika kibanda cha majani ya mkoma, hadi siku nguchiro alipopenya akamnyakua jogoo aliyekuwa mwenzake. Nabei hakuwa mtu wa kulilia kitu kinachoweza kurekebishwa. Alikusanya mabati yaliyobaki alipojenga nyumba, akamwita fundi, na kufikia jioni kuku alikuwa na banda jipya lililozibwa pande zote, lenye mlango wa kufuli na tundu moja dogo la hewa.

"Hata benki haijafungwa hivi," alisema Emanikor, jirani yake, dereva mstaafu asiyekosa neno. "Nguchiro akija hapa atahitaji wakili."

Nguchiro hakurudi. Mayai nayo yakakoma.

Nabei alifanya kila alilolijua. Alimpa kuku dagaa, mtama na majani ya kunde. Alimtafuta chawa chini ya mbawa. Alipekua kila pembe kuona kama kuna nyoka anayekula mayai. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini katika ofisi ya maji, alifungua banda, akaweka chakula na maji, akarudisha kufuli. Kila jioni alifungua tena, akapapasa kiota, akatoka kapa.

"Labda ametupiwa jicho," Emanikor alinong'ona.

"Jicho litapitia wapi, Mzee? Si wewe uliyesema ni benki?"

"Basi amestaafu kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi siliwi."

Nabei alicheka, lakini utani huo ulimchoma. Akaale alikuwa ameanza tena kukataa uji, na mbavu zake zilihesabika.

Ndipo Nyachuol alipopiga simu. Huyu alikuwa mama kutoka Sudan Kusini, mkazi wa kambi ya Kakuma, ambaye mwanawe Nyang alikuwa amelazwa kitanda cha jirani na Akaale. Nabei alipokuwa pale hospitalini hana hata kikombe, Nyachuol ndiye aliyemgawia uji kila asubuhi, bila kumwuliza ni mtu wa wapi. Sasa alikuwa anakuja Lodwar kupimwa macho, na aliomba mahali pa kulala.

"Mahali tu? Utapata kitanda, na kuku juu yake," alisema Nabei.

Akakata simu, akakata na shauri: kuku asiyetaga ni kitoweo. Hata hivyo moyo ulimuuma. Akimchinja, Akaale angekunywa mchuzi wa siku moja, na baada ya hapo asiwe na kuku wala yai. Lakini kumlaza njaa mtu aliyemlisha wakati wa dhiki kungekuwa utovu wa shukrani. Nabei akapiga moyo konde, akaomba ruhusa kazini.

Nyachuol alifika mchana, jua likiwa la utosi. Alikuwa mwanamke mrefu, na alibeba kifuko kimoja tu.

"Ejok, Mama Akaale!" aliita kutoka langoni, akijivunia Kiturkana chake.

"Maale, Mama Nyang!" Nabei alimjibu kwa Kinuer, lugha ya mgeni wake, na wote wawili wakacheka. "Ingia ndani, dada. Hapa si kwa watu."

Alimketisha sebuleni kwenye kochi jipya, akashusha mapazia ili vumbi lisimsumbue. Nyumba ilikuwa ya mabati, na dari ilikuwa bado haijawekwa. Nabei hakuijua vyema nyumba yake saa kama hiyo, kwa maana mchana alikuwa ofisini, chini ya feni. Alileta chai na maandazi. Nyachuol aliinua andazi, akalitazama, akalirudisha sahanini. Alikuwa akitweta kinywa wazi, na mikono ameitanua mbali na mbavu ili apate hewa.

"Kula basi. Ama maandazi yangu ni mabaya?"

"Si mabaya. Tumbo limefunga." Nyachuol alijifuta shingo. "Usikasirike, Mama Akaale. Nyumba yako ni nzuri, lakini inanipika. Nikikaa hapa, leo sitakula kitu. Nipe mkeka nikae nje."

Nabei aliona haya kidogo. Alimtandikia mkeka chini ya mwarobaini, kisha akaenda kumtoa kuku. Emanikor alikuwa tayari, ameshika kisu alichokinoa tangu asubuhi.

Kufuli lilimchoma vidole. Alipovuta mlango, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Kuku alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi, akitweta, mbawa amezitanua mbali na mwili. Chakula cha asubuhi kilikuwa hakijaguswa. Nabei akatumbukiza kidole katika maji ya kuku, akakitoa upesi. Maji yale yalifaa kukorogea uji.

Akabaki amesimama. Sura ile alikuwa ameiona muda mfupi uliopita, juu ya kochi lake mwenyewe.

"Mbona umeganda?" Emanikor aliuliza. "Mlete, kisu kinalia njaa."

"Mzee, huyu hakustaafu. Sijawahi kufungua hili banda mchana, hata mara moja. Nimekuwa nikimpika akiwa hai! Kama hawezi kula, atatagaje?"

"Basi kisu nikifanyie nini?"

"Kata vitunguu."

Alimbeba kuku hadi kivulini, akamwekea maji baridi ya mtungini. Kuku alikunywa, akainua kichwa, akainama akanywa tena.

"Huyo ndiye chakula changu?" Nyachuol aliuliza akitabasamu.

"Alikuwa. Sasa ni mgonjwa mwenzako." Nabei alimweleza mambo yote, bila kuficha kwamba nyama haitakuwapo.

"Mimi nimekuja kwa sababu ya macho," Nyachuol alisema. "Nikila yai la mtoto, hayo macho nitakuangalia nayo namna gani?"

Walikula ugali na samaki mkavu wa ziwani, palepale chini ya mti, na mgeni akaomba aongezwe. Kabla hajarudi Kakuma, walibomoa mabati kwa pamoja. Walisimamisha banda jingine chini ya mwarobaini, wakalizungushia wavu wa kumzuia nguchiro na kuliezeka kwa majani ya mkoma.

Juma la pili halikuisha. Asubuhi moja Akaale alitoka nyuma ya jikoni mbio, amekumbatia yai kwa mikono miwili, lingali na joto la kuku. Alilila wima kando ya jiko, hakusubiri hata kiti. Nabei alishika simu papo hapo.

"Ametaga, dada! Asante. Mungu akuzidishie."

"Asante ya nini? Mimi nilitoa jasho tu kwenye kochi lako."

"Basi njoo ulitoe tena," alisema Nabei, huku machozi yakimlengalenga na mtoto akimvuta kanga kuuliza kama kesho kutakuwa na yai jingine. "Kitanda chako kipo."

Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.