Pikipiki ya Baba Mkwe

Shekiondo, muuza maziwa wa Lushoto, alifikisha miaka arobaini na tano hata baiskeli ikiwa imemshinda. Alipoamua kununua pikipiki yake ya kwanza, alichagua ndogo, ambayo akiikalia miguu yake mifupi ingefika chini. Lakini baba mkwe wake, Mzee Hozza, alikuwa na pikipiki kubwa mno iliyokosa mnunuzi.

"Utanunua yangu," mzee aliamuru. "Au binti yangu ameolewa na mwanamume anayeogopa chuma?"

Shekiondo hakuwa na ubavu wa kumkatalia. Akainamisha kichwa. "Nitainunua, baba. Ila siwezi kuanza bila baraka zako. Naomba upande nyuma, twende mpaka sokoni, watu waone ulichonichagulia."

Mzee alivaa kanzu nyeupe, akapanda kwa madaha.

Pikipiki iliruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, ikakata kona mahali pasipo na kona, ikaingia shamba la kabichi na kuwabwaga wote wawili matopeni. Shekiondo aliinuka kwanza, akapangusa kofia ya mkwe wake.

"Samahani, baba. Panda tena, sasa nimeanza kuizoea."

"Nipande nini?" mzee alifoka, akitafuta kiatu. "Nenda kanunue ile ndogo leo hii!"

Jioni mkewe alicheka hadi machozi. "Kumbe ulijiangusha makusudi!"

"Kuanguka kulikuwa kwa kweli kabisa, mke wangu," alisema Shekiondo akichua goti. "Nilichoigiza ni hamu ya kupanda tena."