Homa Hupiga Hodi, Haitaji Jina

Homa hupiga hodi, haitaji jina. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani hivyo, mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Basi tulieni. Yalizaliwa hapa hapa milimani Upare, na kisa chake ni hiki.

Enzi hizo zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja na baraza. Ukipita barabarani asubuhi ulinusa spiriti, ukasikia jiko la mafuta ya taa likivuma, maana sindano zilichemshwa, hazikutupwa kama siku hizi. Muuguzi alikuwa mmoja tu, Naetwe Mgonja, mwanamke mfupi, mpole wa kauli, aliyevaa saa ya kiume kwa sababu mshale wake wa sekunde ulionekana vizuri. Watu wote walimwita Sista, hata waliomzidi umri.

Jambo moja lilimsumbua Sista Naetwe. Kila mtoto aliyechemka mwili, mama yake alitaka achomwe sindano. Asipochomwa, hakuhesabiwa kuwa ametibiwa. Naye miaka yake ya kwanza alichoma tu, kwani kukataa kulikuwa na maneno mengi.

Mwaka mmoja, katika baridi ya mwezi wa saba, mafua yaliingia kijijini yakapita nyumba hata nyumba. Dawa ya sindano ikaisha upesi. Jumanne moja zilibaki chupa za kumtosha mtoto mmoja kwa siku tano, na gari la dawa lilitazamiwa wiki iliyofuata. Asubuhi hiyo wakaja kina mama wawili.

Wa kwanza alikuwa Mama Zefania, mke wa katibu wa chama cha ushirika. Zefania wake, wa miaka miwili, alikuwa wa moto. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu. Macho yalikuwa mekundu, makamasi yanachuruzika, anakohoa. Wa pili alikuwa Nakijwa, binti aliyezaa kwa mara ya kwanza, amembeba Hosiana wa miezi sita. Hosiana alikuwa na thelathini na nane tu, wala hakulia. Nakijwa aliona haya kuchukua nafasi ya watu.

"Labda nimekuja bure, Sista," alisema. "Ila tangu jana hanyonyi."

Naetwe aliwavua watoto wote wawili nguo. Akawatazama masikio na koo, akawashika shingo, akauliza habari za nyumbani. Kwa Mama Zefania watu watano walikuwa na mafua. Zefania alipopewa maji alimaliza kikombe, kisha akanyoosha mkono kutaka muwa wa mtoto wa pembeni. Halafu Naetwe akaisogeza saa yake karibu na kifua cha Hosiana, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Sitini na nne. Akahesabu tena. Kila Hosiana alipovuta hewa, mbavu za chini zilibonyea ndani.

Akaifungua chupa, akamchoma Hosiana.

Mama Zefania akasimama. "Na wangu?"

"Wako nitampa dawa ya kushusha homa. Mpe maji na uji mara kwa mara."

"Sista, kipimajoto umekisoma mwenyewe. Anayeungua ni wangu."

"Nimekisoma, Mama Zefania. Lakini homa hupiga hodi tu, haitaji jina. Lazima utoke ukamwangalie aliyesimama mlangoni. Mwanao ana mafua haya haya yaliyomo nyumbani kwako, na mdudu wa mafua hafi kwa sindano hii. Huyu mdogo ameingiliwa mapafu. Mdudu wake ndiye anayekufa kwa sindano."

Siku hizi mmefundishwa shuleni kuwaita virusi na bakteria. Wakati ule wote walikuwa wadudu.

"Una hakika?" Mama Zefania aliuliza.

Naetwe alimjibu, "Hakika kamili sina. Ndiyo maana nitakuja kwako kesho na kesho kutwa kumwangalia. Akikataa kunywa, akihema haraka au akilegea, usinisubiri. Mlete, hata kama ni usiku."

Mama Zefania aliondoka bila kuaga. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Sista amemnyima mtoto wa katibu sindano. Naetwe alipika ugali wake akashindwa kuula. Je, kama amekosea?

Kesho yake akapanda kilima kwenda kwa Mama Zefania. Alikaribishwa bila kupewa kiti. Zefania alikuwa bado ana joto, lakini alikuwa uani anafukuza kuku. Siku ya tatu homa ikamwacha. Hosiana naye siku hiyo ya tatu aliamka akililia ziwa, na Nakijwa alikuja zahanati huku anatokwa machozi, kwa furaha ya kusikia mwanawe analia.

Yangeishia hapo, pengine msemo usingezaliwa. Wiki ya pili Mama Zefania alionekana tena barazani, ameketi mwisho kabisa wa benchi. Homa ya Zefania ilikuwa imerudi, na mtoto hakutaka sikio lake liguswe. Zamu yake ilipofika, mama alitangulia kusema, "Najua utaniambia ni mafua."

Naetwe alimulika sikio kwa tochi, akaona usaha.

"Hapana," akasema. "Leo aliyepiga hodi ni mwingine. Huyu anataka dawa." Gari lilikuwa limekwisha kufika, akampa.

Mama Zefania alimpakata mwanawe. "Kumbe kila mara unamwangalia upya."

"Kila mara, mama."

Basi Mama Zefania huyo huyo ndiye aliyeyatembeza maneno ya Sista, bombani, sokoni na kwenye kwaya. Taratibu yakatoka kwenye magonjwa yakaingia katika mambo mengine: mtoto anayekataa shule ghafla, mume anayerudi nyumbani akanyamaza. Usikimbilie dawa uliyoizoea. Toka umwone aliyekuja.

Zahanati ile ilibomolewa. Sasa tuna kituo kikubwa chenye mashine ya kupima damu, na ni neema. Lakini sisi tuliokalia lile benchi tunakikumbuka kile kimya, baraza zima likizuia hata kikohozi, ili Sista Naetwe ahesabu pumzi za mtoto wa mtu. Hatujakisikia tena.

Kwa hiyo mama yenu hakuwa anamtania jirani. Alikuwa anamwambia akamtazame vizuri mwanawe. Homa hupiga hodi, haitaji jina.