Mahali pa Jiwe la Eliamani

Kaeni, watu wa Mkiani, na nyinyi wa Juu mlioteremka kuja kusikiliza kaeni pia, maana habari hii inawahusu kuliko mnavyopenda. Ni ya enzi ya babu wa babu zetu, wakati kengele ya kwanza ilipotundikwa katika mlima wa Ikombo na watu wakawa bado wanabishana kama ni ya kuitia mvua au ya kuitia watu. Katika enzi hiyo aliishi Senzighe mwana wa Mrindoko, mwana wa Kiangi mfua chuma, ambaye maji ya ubatizo yalimpa jina la Eliamani na mikono yake mwenyewe ikampa mengine: Mpasua Jabali, Bega la Mlima, Mleta Maji. Kabla yake hapakuwa na watu wa Ikombo. Palikuwa na koo zilizoviziana tu.

Chemchemi ilikuwa nyuma ya jabali la Ibwe, na tangu mlima kuumbwa hakuna aliyefikiria kulitoboa. Eliamani alilundika kuni juu ya jabali lile, akazichoma mpaka mwamba ukawa mwekundu kama kaa, kisha akaumwagia maji baridi ukalia na kupasuka, ndipo akaingiza mtaimbo wa babu yake katika ufa na kuusukuma kwa bega lake mpaka vipande vikaporomoka bondeni. Alifanya hivyo masika na kiangazi, huku wanaume wa koo zote wakitazama na kucheka. Nyimbo zetu zinasema alikuwa peke yake. Kuni zile na maji yale vilibebwa na mkewe Nakijwa, na shingo yake haikugeuka vizuri tena maisha yake yote, lakini nani aimbe habari za shingo?

Maji yalipotoka, Eliamani akajenga ndiva, yaani bwawa la kuyakusanya usiku ili yafunguliwe alfajiri, na akachimba mfereji kuteremka mpaka mashamba ya mwisho kabisa, huku kwetu Mkiani. Sasa desturi ya mlima ilikuwa hivi: aliye juu hunywesha shamba lake mpaka ashibe, na kinachobaki ndicho kinachoteremka. Kwa kawaida kilichobaki kilikuwa tope. Waliolima Mkiani walikuwa wajane, waliofukuzwa na koo zao, na wageni wasio na mtu wa kuwasemea. Eliamani akaenda mtoni akachagua jiwe ambalo vijana wa koo tatu walishindwa hata kulitikisa, akalipandisha mgongoni peke yake, akalisimika pale mfereji unapogawanyika, na alikuwa amelichonga hivi kwamba nusu ya maji ilipita kwenda Mkiani kabla mtu wa Juu hajalowesha hata mche mmoja.

Kisha akasimama juu yake na kutamka mbele ya koo zote: "Mungu aliyenitoa katika shimo la dhambi hakuniuliza shamba langu liko wapi. Maji haya nayo hayatauliza. Atakayelisogeza jiwe hili hakunikosea mimi, amemkosea Yeye."

Maneno mazuri. Nakijwa aliyasikia huku akikanda shingo, akidhani kazi imekwisha na sasa watakula matunda yake katika shamba lao la migomba, ambalo lilikuwa Juu, jirani kabisa na ndiva. Jioni ile mumewe alimwambia kwamba mtu anayetoa amri juu ya maji hapaswi kulala karibu na maji, kwa hiyo shamba la Juu watampa Kalage mwana wa Mkiva, mwenye watoto wengi, na wao watahamia Mkiani.

Hakubisha. Alifunga mizigo. Lakini Mkiani kulikuwa na joto na mbu, na homa ya huko haikuwajua watoto wa Juu. Ikamchukua mwanawe wa kwanza, Mbonea, na mvua zilizofuata ikamchukua mdogo wake. Watu wa Juu walipoteremka kuzika walisema kwa sauti ya kusikika kwamba Mungu wa Eliamani analipa kwa makaburi.

Nakijwa alitamani jibu la kuwapa kuliko chakula. Katika mafundisho alikuwa amesikia kwamba mwenye haki ana thawabu yake, akaamini, na sasa alitaka kuiona japo kwa mbali, ili asione amewapoteza watoto wake kwa ajili ya mfereji.

"Baba Mbonea," alimwambia mumewe, "tumeishi vizuri. Hatukuiba, hatukumlaani mtu, tumetoa mpaka shamba. Thawabu yenyewe iko wapi?"

"Umewahi kumtazama Nambike asubuhi akichota?"

Nambike alikuwa mjane asiyeona, jirani yao, ambaye zamani alikuwa akikuna tope kwa kifuu.

"Nimemwona. Anachota maji."

"Basi umeiona, Mama Mbonea."

Nakijwa moyoni alimchukia kidogo kwa jibu lile. Mama aliyezika wawili hatulizwi kwa kibuyu cha maji cha jirani.

Wala hayakuishia hapo. Mwaka wa jua kali Kalage, huyo huyo aliyepewa shamba, alikamatwa alfajiri akitoboa ukingo wa mfereji ili maji yote yaingie kwenye migomba yake. Koo zilitaka afukuzwe mlimani. Eliamani aliyeweza kumvunja kwa mkono mmoja aliziba tundu, akamshika bega, akamwambia koo zote zikisikia: "Nenda nyumbani. Jiwe lipo, na wewe upo. Yatosha." Kalage alilia mbele za watu, akabatizwa, na baada ya miaka akawa mzee wa kanisa, tena mwenye sauti nzuri ya kuomba. Nakijwa alipomsikia akiomba alitazama ile mikono iliyotoboa mfereji.

Ikaja masika ile ambayo mpaka leo tunaiita Masika ya Mlima Kulia. Ndiva ilijaa ikafurika, na lile jiwe la mgawo likaanza kuinama kuelekea Mkiani, nalo kama lingeng'oka bwawa zima lingetushukia vitandani. Eliamani alikuwa mzee sasa, mwenye mvi. Alipanda na mtaimbo wake, akaingia katika maji yaliyomfika kifuani, akaliegemeza jiwe kwa mgongo uleule uliolileta, akapaza sauti moja tu: "Watoeni watu wa chini!" Tukatoka, wazee wenu na wangu, hata Nambike kipofu akabebwa. Ukingo wa kushoto ulipokatika, maji yakapita upande usio na watu yakamchukua. Asubuhi jiwe lilikuwa limesimama wima mahali pake. Eliamani hakuonekana, na mpaka leo hakuna aliyeuona hata mfupa wake.

Sasa sikilizeni kosa ambalo ni watu wa Ikombo tu wangeweza kulifanya. Sisi hatujui kuomboleza bila kaburi. Kalage alisimama kanisani, machozi yakimtoka, na hayakuwa ya uongo, akasema ni aibu shujaa wa haki kukosa alama, na kwa kuwa mwili haupo, basi mahali pa mwili tuweke kitu alichokigusa. Koo zote zikaitika. Wakapanda na kamba wakiimba, wa Juu na wa Mkiani pamoja, wakaling'oa lile jiwe kutoka mferejini, wakaliburuta mpaka mlangoni pa kanisa, wakalipaka chokaa. Mwalimu wa kanisa akachonga juu yake: MWENYE HAKI HUPATA THAWABU YAKE. Nakijwa alisimama mbele, wakamvika shuka jipya, naye akaona fahari, na moyo wake uliosubiri miaka yote ukasema hatimaye ndiyo hii.

Ikapita wiki. Asubuhi moja alimkuta Nambike amechuchumaa mferejini na kifuu chake cha zamani, anakuna tope.

Nakijwa aliketi pale chini akalia jinsi ambavyo hakumlilia hata Mbonea. Thawabu ilikuwa imefika kila alfajiri mlangoni pake, ikipita kwa sauti, na yeye ameitafuta mbinguni na makaburini. Na alikuwa amevaa shuka jipya kuitazama ikiburutwa.

Jumapili aliinuka katikati ya ibada. "Thawabu ya mume wangu mmeing'oa," alisema. "Irudisheni."

Mzee Kalage alimjibu kwa upole mkubwa. "Mama Mbonea, jiwe lile sasa ni takatifu. Tutalirudishaje matopeni?"

"Lilikuwa takatifu matopeni."

Watu wakatazama sakafu, kisha wakaimba wimbo. Watu wa Mkiani walibeba mawe mengine wakayapanda penye mgawo, na kila walipoamka waliyakuta yametupwa kando, wala hakuna aliyejua nani ametupa. Lile la Eliamani lilikuwa na amri yake. Mengine yalikuwa mawe tu.

Ndipo Nakijwa alipopanda alfajiri, ajuza mwenye shingo isiyogeuka, akateremka mferejini, akaketi katika mdomo wa njia ya Juu, mahali palepale pa jiwe. Ndiva ilipofunguliwa maji yalimgonga mgongoni yakagawanyika, nusu yakaenda Juu na nusu yakashuka kwetu. Walikuja kumtazama. Kalage alikuja na blanketi akamsihi atoke. Mawe waliweza kuyatupa, lakini mjane wa Mpasua Jabali hakuna aliyethubutu kumgusa, na kulirudisha jiwe la mumewe hakuna aliyethubutu pia.

"Nitatoka jiwe likirudi," aliwaambia.

Aliketi kila alfajiri mpaka kifua chake kikajaa baridi, na siku alipokufa watu wa Juu walimzika kwa heshima kando ya jiwe jeupe, wakahubiri juu ya uvumilivu. Siku iliyofuata akateremka mferejini binti wa jirani yake. Baada yake mwingine.

Jiwe halijarudi. Kila sikukuu ya mavuno linapakwa chokaa mpya, na watoto wa Juu wanafundishwa kuyasoma maneno yake kwa sauti. Nasi wa Mkiani tuna zamu. Mwenye macho na aende alfajiri pale maji yanapogawanyika, atamkuta mwanamke ameketi ndani ya maji baridi, mgongo wake umeelekea bwawa, na huku chini mtu anachota.

Kesho ni zamu ya mke wangu.